Asilimia 49 ya Uhuru

Biashara ya muziki hulitumia neno "huru" kwa ukarimu uliopita kiasi. Lebo inayomilikiwa na Universal, Sony au Warner, kampuni tatu zinazotawala soko la rekodi duniani, hujitambulisha kwa wasanii chipukizi kuwa ni lebo huru, eti kwa kuwa ina ofisi yake, nembo yake na mkurugenzi anayevaa fulana badala ya suti. Mimi nasema lebo ya namna hiyo haina haki na jina hilo. Nasema pia, na hapa najua sitaungwa mkono na wengi, kwamba hata ile ambayo kampuni kubwa imenunua "sehemu ndogo tu" ya hisa zake inapaswa kuchunguzwa kabla ya kuitwa huru.

Sisi watumiaji wa Kiswahili tuna bahati katika jambo hili, kwa sababu tunaweza kutenganisha kuwa huru na kujitegemea. Mtoto wa tajiri aweza kuachiwa uhuru wa kurudi nyumbani saa aitakayo na kuleta marafiki awatakao. Hajitegemei mpaka siku atakapolipa kodi ya nyumba yake mwenyewe. Watetezi wa lebo hizi hutuonyesha daima uhuru wa aina ya kwanza: wasanii wanachaguliwa na watu wa lebo, jalada linachorwa na watu wa lebo, hakuna mtu wa makao makuu anayeingia studio. Nakubali kwamba mara nyingi ni kweli. Lakini uhuru huo ni ruhusa, na aliyeitoa anaweza kuiondoa.

Tutazame namba. Vyama vya lebo huru vya Uingereza na Ulaya vina kanuni inayoonekana ya busara: kampuni kubwa ni ile yenye zaidi ya asilimia 5 ya soko la dunia, na lebo ambayo kampuni ya aina hiyo inamiliki asilimia 50 au zaidi ya hisa zake haihesabiwi kuwa huru. Sasa angalia kilichotokea. Mwaka 1992 Sony ilinunua asilimia 49 ya Creation, lebo ya Alan McGee ya London. Mwaka 1995 Warner ilinunua asilimia 49 ya Sub Pop ya Seattle. Mwaka 2022 Universal ilinunua asilimia 49 ya PIAS yenye makao Ubelgiji. Kampuni zenye mawakili wengi kiasi kile hazikuifikia namba hiyo mara tatu kwa bahati nasibu. Kwa PIAS, asilimia 51 zilizobaki zilifuata mwaka 2024.

Na je, asilimia 51 alizobaki nazo McGee zilimpa nini? Oasis, bendi iliyoifanya Creation ijulikane dunia nzima, kimkataba ilikuwa mali ya Sony, na Creation ilipewa leseni ya kutoa rekodi zake Uingereza. Kwa maneno mengine, mwenye hisa nyingi alikuwa mpangaji katika nyumba ambayo umma uliamini ni yake.

Msomaji wa Tanzania hana sababu ya kushangazwa na hili. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, Serikali ilichukua au ilijiandaa kuchukua zaidi ya nusu ya hisa za kampuni kadhaa, zikiwamo za bia, sigara na saruji. Kwenye karatasi tulikuwa wenye mali. Lakini katika mashirika mengi ya wakati ule mikataba ya uendeshaji iliwaachia wabia wa kigeni usimamizi, utaalamu na ununuzi wa mitambo. Issa Shivji na wenzake pale Mlimani waliuliza swali ambalo halikuwapendeza wakubwa: mwenye hisa na mwenye madaraka ni mtu mmoja? Ikiwa zaidi ya nusu ya hisa haikuitosha dola nzima kushika usukani, sioni kwa nini tuamini kwamba asilimia 51 zinaitosha lebo yenye wafanyakazi wachache ambayo deni lake, masoko yake ya nje na usambazaji wake viko mikononi mwa mbia mmoja.

Usambazaji ndio moyo wa suala zima, na Waingereza waliwahi kulielewa hili vizuri kuliko wanavyolielewa leo. Chati yao ya lebo huru ilipoanza Januari 1980, haikuuliza gitaa linalia namna gani. Iliuliza rekodi imefikaje dukani: imepitia mtandao wa kampuni kubwa, au imepita nje yake? Ndiyo maana Kylie Minogue, ambaye hakuna aliyemdhania mwanaharakati, alikaa kileleni mwa chati hiyo, kwa kuwa lebo ya PWL ilisambaziwa rekodi nje ya mtandao wa wakubwa. Watu walicheka, lakini kanuni ilikuwa safi. Wakubwa wakajifunza haraka. Virgin ilianzisha Hut mwaka 1990, ikaipitisha rekodi zake kwa wasambazaji huru, nayo ikastahili kuingia kwenye chati. Baadaye hawakuhitaji hata kujificha: Warner ikaanzisha ADA mwaka 1993 kwa ajili ya kusambaza lebo huru, na Sony ikaimiliki The Orchard kikamilifu mwaka 2015. Leo msanii anaweza kuwa na lebo yake chumbani kwake, asiwe na bosi yeyote, na bado kila shilingi ya wimbo wake ikapitia mlangoni mwa mmoja wa watatu hao na kuacha ushuru. Wakubwa pia huona takwimu: wimbo upi unapanda, katika mji upi, kabla mwenye wimbo hajaamua la kufanya.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza, kwa kejeli kidogo, kijana wa Mbagala asiye na nauli ya kwenda studio atanufaika nini na ugomvi huu wa majina. Ni swali la haki, na jibu lake liko katika hatima ya lebo mbili za Uingereza zilizoanzishwa mwaka uleule wa 1978.

Factory ya Manchester iliendeshwa ovyo, sitaki kuipamba. Ilitumia fedha kama mlevi siku ya mshahara, na mwaka 1992 ikafilisika. London Records, iliyokuwa ndani ya PolyGram, ilipokuja kutaka kuinunua, ilikuta karatasi ya miaka ya mwanzo iliyosema, kimsingi, kwamba wanamuziki ndio wenye kila kitu na kampuni haina kitu. Kilichokuwa cha kununuliwa hakikuwapo. New Order wakaondoka kwenye magofu yale na rekodi zao mkononi, wakakaa mezani na hao hao London wakiwa wenye mali.

Mute ya Daniel Miller iliendeshwa kwa akili zaidi. Aliiuza kwa EMI mwaka 2002, akabaki kuiongoza, na muziki wake haukuharibika. Watetezi wa umilki wa wakubwa hupenda sana mfano huu, lakini huishia katikati ya hadithi. Mwaka 2010 Miller alipopata makubaliano ya kuirudisha Mute nje ya EMI, hazina ya rekodi za zamani ilibaki nyuma. Miaka miwili baadaye Universal ikainunua EMI, Tume ya Ulaya ikaishurutisha iuze baadhi ya mali, na rekodi za Mute zikahamia BMG kama meza na viti vya ofisi inayofungwa. Aliyeishi na "uhuru" miaka minane chini ya EMI hakuwa na kura hata moja siku ya mnada.

Kijana wa Mbagala yumo humo. Rekodi mama ya wimbo wake, ile ambayo nakala zote hutokana nayo, iko kwa nani? Februari 2024 Universal ilitangaza kununua sehemu kubwa ya hisa za Mavin ya Nigeria, lebo ya Don Jazzy iliyowatoa Rema na Ayra Starr. Don Jazzy alibaki kuiongoza, na huenda wasanii wake watafika mbali zaidi kwa mtaji huo. Siwaonei wivu wala sisemi wamekosea kuuza. Nasema tu kwamba tangu umilki ulipovuka nusu, kuiita lebo huru ni kuwapotosha watu, hata aitaye akiwa anaipenda. Ushirikiano ambao WCB Wasafi ilitangaza na Warner mwaka 2021 ni suala jingine, kwa kuwa ushirikiano si umilki. Hapo huwezi kuhukumu kwa kichwa cha habari, ni lazima mkataba usomwe kifungu kwa kifungu.

Kusoma mkataba kifungu kwa kifungu ndiyo kazi ninayowaomba watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu. Tunazo ofisi za hakimiliki, tunayo mikopo ya umma kwa wasanii, tunazo tuzo zenye vipengele vya "wanaojitegemea". Fomu nyingi za aina hii huridhika na cheti cha usajili na jina la mkurugenzi. Ziongezwe maswali: nani anamiliki rekodi mama, na mkataba ukiisha zinakwenda kwa nani? Nani anasambaza, naye anamilikiwa na nani? Lebo inadaiwa na nani, na mdai akitaka fedha zake kesho ataondoka na nini? Na anayeomba kwa jina la uhuru aambatanishe mkataba wenyewe, pamoja na viambatisho vyake vyote.