Shaka ni Mali ya Nani?

Ndugu waamini, na hasa ninyi viongozi wa jumuiya ndogo ndogo ambao kila mara mwaombwa kuamua magomvi ya watu.

Tulipata kukaa katika kikao ambapo fedha za ujenzi zilikuwa zimepotea. Mzee mmoja aliinuka akasema, "Bila shaka ni mweka hazina." Wengi wakaitikia. Sanduku lilikuwa na funguo tatu mikononi mwa watu watatu. Hakuna aliyeliuliza jambo hilo, nasi tulinyamaza. Mweka hazina aliondolewa siku ile ile.

Katika mazungumzo yetu "bila shaka" ni neno la kukisia. Twamwambia mgeni, "Bila shaka umechoka," hali hatujamwuliza. Mahakamani maneno hayo hayo hubeba mzigo mzito kuliko yote, kwa kuwa yanasimama mahali pa usemi wa sheria ya Kiingereza: "reasonable doubt."

Waingereza walilipokea neno "doubt" kutoka Kifaransa, na asili yake ni Kilatini. (Herufi b haitamkwi, wasomi waliiingiza baadaye ili Kilatini kionekane.) Zamani lilimaanisha pia kuogopa na kushuku, na huko Uskoti hata leo mtu akilitumia kuhusu mvua, huenda anamaanisha kuwa anatazamia inyeshe. Lakini katika sheria maana yake ni moja tu: kusita kwa mwamuzi. Kumshuku mtu kuna neno lake jingine. Kwetu sisi, shaka na kushuku ni ndugu wa shina moja la Kiarabu. Tukisema "twamtilia shaka," tayari mzigo umemwangukia yeye. Sheria husema kinyume chake: shaka likibaki, ni mali ya mshitakiwa.

Mwaka 1935 kijana mmoja wa Uingereza, Reginald Woolmington, alikuwa amehukumiwa kunyongwa kwa kumwua mkewe. Yeye alidai bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya, na jaji aliwaelekeza wazee wa baraza kwamba ilimpasa kijana mwenyewe kulithibitisha hilo. Baraza la Malodi liliitengua hukumu: mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho.

Tanzania imeurithi msingi huo. Umo katika Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, na ibara ya 13 ya Katiba yakataza mshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hivyo uteuzi wa maneno si mchezo wa wasomi. Mara nyingi twasikia "bila kuacha shaka lolote." Usemi huo umepita kiasi, maana hakuna jambo la wanadamu lisiloweza kutiliwa shaka la kubuni tu. Sisi twapendelea "shaka lenye sababu": lile ambalo mtu mwenye busara aweza kulitaja na kulieleza.

Huko Usukumani akina bibi wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, macho ambayo moshi wa jikoni hutosha kuyafanya hivyo. Waliowaua nao walisema "bila shaka."

Kuhusu sanduku letu, funguo mbili zingali mikononi mwa watu wale wale. Tumeomba kikao kiitishwe upya, na mweka hazina yule aalikwe.