Tusimtuze mtoto kwa kwenda shule akiwa mgonjwa

Na daktari wetu, Lamu

Mwishoni mwa mwaka uliopita wa masomo nilialikwa kuwa mgeni wa heshima katika sherehe ya kutoa zawadi kwenye shule moja ya msingi katika visiwa vyetu vya Lamu. Tulikaa chini ya turubai pamoja na wazee wa kamati, watoto wakatuimbia, kisha mwalimu akaanza kusoma majina: wa kwanza katika hesabu, wa kwanza katika Kiswahili, na kadhalika. Hatimaye ikafika zawadi iliyopigiwa makofi kuliko zote, ile ya mwanafunzi ambaye hakukosa shule hata siku moja mwaka mzima. Ilikuwa mkoba mpya, madaftari na cheti chenye muhuri wa shule.

Kijana aliyekuja mbele nilimjua. Miezi miwili kabla ya hapo mamake alikuwa amemleta kwangu akiwa ametapakaa tetekuwanga mwili mzima. Nilimwagiza akae nyumbani mpaka malengelenge yote yakauke. Kwa mujibu wa rejista ya shule, hakukaa hata siku moja. Nilimpa mkono, nikampa mkoba wake, nikatabasamu kwa ajili ya picha.

Jioni ile nilifungua daftari langu la wagonjwa. Katika wiki tatu zilizofuata ugonjwa wa kijana yule, nilikuwa nimewatibu watoto tisa wa shule hiyo hiyo kwa tetekuwanga. Mmoja wao alimwambukiza mamake mja mzito, na mama huyo akalazwa hospitalini kwa nimonia. Kwa rehema za Mungu alipona, akajifungua salama. Siwezi kuapa kwamba kijana wangu ndiye aliyeuanzisha mlolongo huo, kwa maana tetekuwanga ina njia nyingi. Lakini mimi, daktari, ndiye niliyesimama mbele ya wazazi na kumtuza mtoto kwa kutofuata ushauri wangu mwenyewe.

Mwaka huu nimealikwa tena. Makala haya ni jibu langu.

Walimu wana hoja

Kabla ya kulaumu, yafaa tuwasikilize walimu. Tangu Januari 2003, elimu katika shule za msingi za umma ilipofanywa kuwa ya bure, watoto wengi wameandikishwa. Lakini kuandikishwa ni jambo moja, na kuonekana darasani ni jambo jingine. Hapa kwetu bahari hushindana na mwalimu. Kaskazi inapokuwa shwari na samaki wanapatikana, mvulana wa Faza au Kizingitini aweza kukosa shule wiki nzima kwa kuwa yuko majini na mjomba wake. Msichana naye hubakishwa nyumbani kumlea mdogo wake mama anapokwenda safari. Mtoto anayekosa mara kwa mara huachwa nyuma, na anayeachwa nyuma mwisho huacha shule kabisa.

Mwalimu mkuu mmoja aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Daktari, wewe unawaona watoto wagonjwa. Mimi naona madawati matupu." Hoja yake ni kwamba mkoba na cheti ni gharama ndogo ikiwa vitamvuta mtoto mmoja kutoka pwani hadi darasani. Sina ugomvi na nia hiyo. Ugomvi wangu ni na kipimo chenyewe, yaani kutokosa hata siku moja, kwa sababu yoyote ile.

Ugonjwa hausubiri cheti

Wasomaji wengi hudhani kwamba mtoto huambukiza wenzake pale tu anapolala kitandani hajiwezi. Sivyo. Maradhi mengi ya utotoni huambukiza zaidi katika siku za mwanzo, wakati mtoto bado ana nguvu za kutembea na kucheza. Tetekuwanga huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla vipele havijaonekana, na huendelea mpaka malengelenge yote yamefanya magamba. Surua huambukiza tangu siku nne kabla ya vipele hadi siku nne baada ya kutokea. Mgonjwa mmoja wa surua aweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 ikiwa wanaomzunguka hawajachanjwa. Mwanzoni mwa 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Pwani, tulijionea jinsi mtoto mmoja anayejifuta machozi kisha akashika kalamu ya mwenzake anavyoweza kuliambukiza dawati zima.

Mtoto mwenyewe pia yumo hatarini. Malaria ya aina ya falsiparamu yaweza kugeuka kuwa kali katika muda wa siku moja au mbili. Ndiyo maana tunasisitiza matibabu yaanze katika saa 24 za kwanza tangu homa kuanza. Nimewahi kumpokea binti ambaye kwa siku mbili mamake alimpa panadol alfajiri ili homa ishuke na aende shule. Siku ya tatu aliletwa akiwa hajitambui. Nilipouliza kwa nini walichelewa, mama alijibu kwa sauti ya chini kwamba mtoto alikuwa amelia, amebakisha wiki mbili tu apate zawadi. Panadol hushusha homa kwa saa chache, lakini haiui vijidudu vya malaria. Binti alipona. Wapo ambao hawaponi.

Zawadi ya bahati

Jambo la pili linalonisumbua ni haki. Siku ile ya sherehe, nyuma kabisa, alikuwa amekaa msichana mmoja mwenye siko seli ninayemtibu tangu utotoni. Ugonjwa huu upo sana katika ukanda wetu wa Pwani. Mtoto huurithi kutoka kwa baba na mama, hakuutafuta wala hawezi kuukimbia. Mwaka ule alikosa shule siku 23, zote kwa maumivu au kwa kulazwa. Kila aliporudi aliazima madaftari ya wenzake akanakili masomo yaliyompita. Je, ni nani aliyefanya bidii zaidi, yeye au mwenzake aliyejaliwa afya? Kwa kipimo cha zawadi ile, msichana huyu alikwisha kushindwa tangu muhula wa kwanza, na atashindwa kila mwaka wa maisha yake ya shule. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye pumu, mwenye kifafa, na msichana anayebaki nyumbani siku za hedhi kwa kukosa sodo, ingawa sheria ya mwaka 2017 iliitaka serikali iwape wasichana wa shule sodo bila malipo.

Tena kuna umbali. Mtoto wa Ndau au Kiwayu anayeletwa mjini Lamu kuonwa na daktari hawezi kurudi darasani alasiri hiyo hiyo. Boti huangalia maji kujaa na kupwa, na kusi likivuma kwa nguvu familia yaweza kungoja siku mbili au tatu. Mwenzake anayekaa hatua chache kutoka hospitali atatibiwa asubuhi na kurudi kabla ya kengele ya saa nne. Ugonjwa ni mmoja, lakini mmoja atapewa cheti na mwingine hatapewa.

Wakazi wa kisiwa cha Lamu watakumbuka mwaka 2004, tulipovamiwa na chikungunya. Jina la maradhi hayo latokana na Kimakonde, nalo laeleza mtu aliyejikunja kwa maumivu ya viungo. Ulikuwa wakati wa ukame, na mbu walizaliana katika maji yaliyohifadhiwa majumbani kwa muda mrefu. Uchunguzi wa damu uliofanywa Oktoba mwaka huo ulionyesha kwamba watu watatu katika kila wanne kisiwani walikuwa wameambukizwa. Mwaka kama huo, zawadi ya kutokosa shule angepewa nani? Angepewa yule ambaye mbu hawakumfikia.

Je, zawadi hii huleta watoto shuleni?

Huenda mwalimu akasema kwamba yote hayo ni gharama ya kuvumilia, mradi watoto waje. Basi na tuulize kama kweli wanakuja. Udhaifu wa zawadi hii waonekana hata bila utafiti. Mtoto akikosa siku moja mwezi wa Februari, zawadi imekwisha mpotea, na kuanzia hapo haina tena la kumwambia hadi mwaka mwingine. Yule mvulana anayekwenda kuvua, ambaye ndiye tuliyemkusudia, ni wa kwanza kutoka katika mashindano.

Nchini Marekani watafiti walilipima jambo hili kwa wanafunzi zaidi ya 15,000 wa jimbo la California, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Kundi moja liliahidiwa cheti iwapo wangehudhuria mwezi mzima bila kukosa. La pili lilipewa cheti bila kutarajia, kwa mwezi wa nyuma ambao hawakukosa. La tatu halikupewa kitu. Ile ahadi haikuongeza mahudhurio. Nao waliopewa cheti bila kutarajia walikosa siku nyingi zaidi baadaye kuliko wale wasiopewa chochote. Watafiti walieleza kwamba cheti kiliwaambia watoto kuwa wamehudhuria kuliko wenzao, na kuliko hata shule ilivyotazamia. Basi wakalegeza kamba.

Linganisha na yaliyofanyika hapa Kenya. Kuanzia mwaka 1998, wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75 za Busia ambazo wanafunzi wake walipewa dawa za minyoo, shule kwa zamu. Ripoti yao ya mwaka 2004 ilisema kwamba katika shule zilizopata dawa, utoro ulipungua kwa kiasi cha robo. Wataalamu wamebishana juu ya baadhi ya hesabu zao, lakini fundisho kuu lafaa kushikwa: watoto wengi hawakosi shule kwa uvivu. Hukosa kwa sababu tumbo linauma, damu imepungua, au mwili hauna nguvu. Ukiondoa kinachomzuia, mtoto huja mwenyewe.

Nini kifanywe

Sisemi kwamba shule ziache kufuatilia mahudhurio. Nasema zifuatilie kwa busara zaidi. Kwanza, rejista itenganishe ugonjwa, ruhusa na utoro. Siku ya ugonjwa iliyothibitishwa na mzazi au zahanati isihesabiwe dhidi ya mtoto. Pili, hesabu ianze upya kila mwezi, na atuzwe aliyepunguza utoro wake, ili yule mvulana wa baharini apate sababu ya kurudi Jumatatu. Tatu, mtoto akikosa siku mbili, mwalimu wa darasa ampigie mzazi simu na kuuliza kuna nini, kwa sauti ya kujali. Simu hiyo yaweza kufichua njaa, ugonjwa au matatizo ya nyumbani ambayo cheti hakiwezi kuyaona. Nne, fedha za mikoba zinunue kwanza sabuni, na kuwe na maji ya kunawa karibu na vyoo.

Wazazi nao wanahitaji mwongozo ulio wazi. Mbakishe mtoto nyumbani ikiwa ana homa, umpeleke akapimwe siku hiyo hiyo, na asirudi shule mpaka saa 24 zipite bila homa na bila panadol. Akiharisha au kutapika, angoje saa 48 tangu mara ya mwisho. Mwenye surua akae siku nne tangu vipele kutokea. Mwenye matubwitubwi akae siku tano tangu mashavu kuvimba. Mwenye tetekuwanga angoje magamba yakauke yote, na akae mbali na wajawazito na watoto wachanga. Mwenye macho mekundu angoje mpaka macho yaache kutoa machozi na tongo.

Lakini pia asibakishwe nyumbani bure. Mafua mepesi yasiyo na homa, chawa na mashilingi havihitaji likizo. Mtibu mtoto, kisha aende akasome. Mzazi anayemfungia mtoto ndani kwa kila chafya anamnyima haki yake sawa na yule anayempeleka shule akitetemeka kwa homa.

Mwaka 2020, shule zote zilipofungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya korona, tuliambiana kila siku kwamba anayeumwa akae nyumbani ili awalinde wengine. Tulilihesabu kuwa ni jambo la ustaarabu. Inashangaza jinsi tulivyolisahau upesi, tukarudi kumpigia makofi anayefanya kinyume.

Kwa mwalimu mkuu aliyenialika, jibu langu ni kwamba nitakuja, na mkoba nitaununua mimi mwenyewe. Ninaomba jambo moja tu. Ule mkoba tusimpe aliyekuja kila siku hata alipokuwa mgonjwa. Tumpe mwanafunzi ambaye, mwenzake alipougua, alimpelekea kazi ya darasa hadi mlangoni kwao kila jioni, ili siku atakaporudi amkute mwalimu mahali ambapo na yeye amefika. Mtoto wa namna hiyo yumo katika kila darasa. Walimu wakiwauliza watoto, watawaonyesha ni nani.