Waya ya buto ndiyo, waya ya freni hapana

Motoka nyingi za okazioni zenye tunanunua hapa Lubumbashi ziko bila buto za regilatere ku volani, ile inashika mbio bila muguu ku akseleratere. Lakini mu Toyota fulani ordinatere iko tayari inajua ile kazi, ni buto tu ndiyo inakosa. Fundi anaweza kuiweka. Tumuache aiweke?

Mimi nasema: buto, ndiyo. Waya moja inatoka ku volani, na kila buto iko na rezistansi yake. Mu Toyota mingi, buto ya kuongeza mbio ni karibu omu 240, ya kuweka 630, ya kuachisha 1540. Ordinatere inapima tu, inajua buto gani umefinya. Fundi mwenye multimeta na rezistansi za bei ndogo ataiweza, bora atoshe kwanza batri, angojee dakika chache, na asiguse waya za manjano: zile ni za airbag.

Lakini waya ya freni, hapana! Ile kontakta ndogo ku pedali inawasha taa nyekundu za nyuma, tena inaambia ordinatere: achia. Ikiharibika, regilatere inaweza kukataa kushika. Hapo mutu anajaribiwa kuidanganya na kipande cha waya. Asifanye vile. Utakanyaga freni, na moteri itaendelea kusukuma.

Na ninyi benye kutoka posti ya usiku, regilatere si yenu. Likasi iko kilomita karibu 120, Kolwezi karibu 300, na njia imejaa makamio ya shaba. Usingizi ukikushika, muguu unalegea, motoka inapunguza mbio. Regilatere yenyewe haisinzii, lakini haioni kitu: itakupeleka na mbio ile ile mpaka mu kamio yenye imekufa njiani bila taa. Mulale kwanza, ao mupande bisi.

Mama mwenye kupeleka motoka kwa fundi, mbele ya kulipa, mwambie muende naye mchana ku njia yenye iko wazi. Aweke mbio, kisha aguse freni kidogo tu. Kama regilatere haiachie palepale, usilipe, na atoshe yote yenye aliweka.