Biashara ya Dzaleka isitegemee mlango mmoja

Wafanyabiashara wanaopeleka mali Dzaleka na Lilongwe hawajaisahau wiki ya katikati ya Mei 2023. Jumatatu ya tarehe 15, wenye maduka wa Kariakoo jijini Dar es Salaam walifunga milango yao wakilalamikia ukusanyaji wa kodi na utaratibu wa kusajili stoo. Siku mbili baadaye, tarehe 17, Waziri Mkuu wa Tanzania, Kassim Majaliwa, akiwa viwanja vya Mnazi Mmoja kuwasikiliza wafanyabiashara hao, polisi na wanajeshi wa Malawi walianza kuwakusanya wakimbizi mjini Lilongwe na kuwarudisha kambini. Pa kununulia pamefungwa, pa kuuzia pamefungwa, na katikati kuna barabara ya zaidi ya kilomita 1,500 ambayo siku hiyo haikuwa na kosa lolote.

Nimesoma ukimbizini, nikafundisha hesabu Dzaleka kabla ya kurudi Burundi, na baadhi ya niliowafundisha kugawanya na kuzidisha leo ni wachuuzi wa mpakani. Wanaponipigia simu hawaniulizi tena habari za mitihani. Wanauliza: "Mwalimu, sasa tufanyeje?" Swali hilo ndilo limenifanya niandike, maana jibu linalotolewa sana vijiweni ni kwamba ile ilikuwa bahati mbaya na haitarudi. Mimi sikubaliani nalo hata kidogo.

Hebu tuhesabu pamoja. Machi 2019 kimbunga Idai kiliipiga Beira, moja ya bandari zinazoilisha Malawi. Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa sababu ya korona. Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua. Machi 2023 kimbunga Freddy kilivunja barabara na madaraja kusini mwa Malawi. Novemba mwaka huohuo kwacha ilishushwa thamani. Machi 2025 Malawi ilizuia kuingiza mchele, unga, mahindi, ndizi na tangawizi. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi, zuio lililoondolewa baada ya siku chache wakubwa walipozungumza. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi Tanzania, ghasia zilizuka, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Jambo linalokuja karibu kila mwaka haliwezi kuitwa ajali. Lina sura tofauti kila linapokuja, lakini linakuja, kama masika.

Na anayeumia si mwenye duka peke yake. Dzaleka iliyopo wilayani Dowa, kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe, ilikuwa gereza kabla ya kugeuzwa kambi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa, kwa hiyo soko la kambi ndilo linalojaza sufuria. Wenyeji wa vijiji vya jirani nao huja kuuza mahindi, maharage na karanga, wakaondoka na sabuni, vitenge na vyombo. Lori likikwama Kasumulu, mama wa Kimalawi wa kijiji cha pili naye anakosa mnunuzi.

Wengi wakishaungua mara moja hukimbilia dawa moja: kuongeza mzigo. Jaza stoo, wanasema, ili barabara ikifungwa uwe na cha kuuza. Ushauri huu ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli katika biashara ni ghali sana.

Chukua Novemba 2023. Benki Kuu ya Malawi ilishusha kwacha kwa asilimia 44, kutoka takriban 1,180 hadi 1,700 kwa dola moja kwa bei rasmi. Aliyekuwa na stoo imejaa alilala salama, kwa kuwa sabuni ilibaki sabuni na bei yake ikapanda. Aliyekuwa amekopesha kwa kwacha ndiye aliyelia. Deni la kwacha 1,180,000 lilikuwa sawa na dola 1,000 kabla ya tangazo; baada ya tangazo lilikuwa sawa na dola 694. Mdeni alilipa yote kwa uaminifu, hakubakiza hata kwacha moja, na bado karibu theluthi ya mtaji ilikuwa imekwenda. (Najua bei ya mtaani ilikuwa nyingine kabisa. Hesabu hubadilika, kilio ni kilekile.)

Sasa rudi nyuma miezi sita tu. Mei ile, aliyekuwa na stoo imejaa katika chumba kimoja cha Lilongwe ndiye aliyepoteza, kwa sababu yeye mwenyewe alipakiwa kwenye gari na mali ikabaki. Kumbe mzigo uleule ulikuwa ngao katika msiba mmoja na mtego katika mwingine. Ndiyo maana nasema swali la kwanza si una mali kiasi gani, bali mali yako imelala wapi, pesa yako imelala wapi, na nani mwingine anajua.

Kuhusu mahali pa kulaza mali, tuseme ukweli ambao wengi wetu hatupendi kuusikia. Malawi iliingia Mkataba wa Wakimbizi ikiwa imeweka mipaka yake juu ya kazi na kutembea, na sera yake ni kwamba mkimbizi akae kambini. Serikali ilitoa amri ya kurudi Dzaleka mwaka 2021, amri hiyo ikasimamishwa mahakamani. Machi 2023 ikatoa nyingine yenye mwisho wa Aprili 15. Kwa hiyo Mei haikuja gizani. Inawezekana kabisa kuilaumu sera hiyo, na mimi nailaumu, maana imewavunja watu waliokuwa wakilipa kodi ya pango na kuajiri Wamalawi. Lakini mfanyabiashara hapangi mzigo wake kwa kufuata sera anayoitamani. Anaupanga kwa kufuata iliyopo.

Hapo ndipo baadhi yetu tunapochukua njia ya mkato: kuandikisha duka kwa jina la mwenyeji asiyejua hata rangi ya milango yake. Siku ya msukosuko mwenyeji huyo ama anakukana, ama anajikuta mwenye duka kweli. Njia iliyosimama vizuri nimeiona kwa wale waliokubaliana na mfanyabiashara halisi wa Dowa au Lilongwe, mwenye leseni yake na mtaji wake, kwamba yeye ananunua kwa jumla na kulipia, na wao wanachukua kwake kidogo kidogo. Faida hupungua. Ila likitokea la kutokea, duka la mjini linabaki wazi kwa sababu ni lake, na wa kambini bado ana pa kuchukulia.

Nije kwenye daftari, jambo dogo ambalo nalipa uzito kuliko yote. Mama mmoja muuza dagaa, niliyekuwa nikiishi naye jirani pale kambini, aliweka madaftari mawili ya madeni yanayofanana. Moja lilikaa kwenye meza yake sokoni, la pili kwa dada yake, na kila Jumapili wakikaa kuyalinganisha. Alikuwa na ukurasa wa waliomkopesha, wa aliowakopesha, na ukurasa wa namba za simu za wauzaji wa dagaa, wa pale alipozoea na wa mahali pengine, pamoja na bei aliyoisikia mara ya mwisho. Watu walimcheka. Mwenye duka mkubwa jirani yake aliweka kila kitu ndani ya simu moja, na namba ya siri aliijua peke yake. Simu ikiibwa, mtandao ukizimwa kama ilivyotokea Tanzania Oktoba 2025, au mwenye simu akiwa mahabusu, duka zima linanyamaza. Daftari la pili ni bei ya daftari moja.

Tukirudi kwenye barabara, wasafiri wa mpakani wanajua kwamba Kasumulu si mlango pekee wa kuingilia Malawi kutoka Tanzania. Kuna Isongole kwenda Chitipa, na njia hiyo inafaa foleni inapokuwa ndefu au mvua inapoharibu mambo upande wa Kyela. Lakini aliyefikiri mwaka 2025 kwamba angekwepa zuio kwa kupita Isongole alijidanganya. Milango hiyo miwili ni ya nyumba moja. Serikali mbili zikikosana, yote inafungwa saa moja. Mlango wa akiba ulio wa kweli ni ule unaofunguliwa na nchi nyingine, yaani upande wa Zambia, Mchinji.

Hapa kuna jambo ambalo wachuuzi wengi hawaambiwi. Malawi na Zambia zote ni wanachama wa COMESA, na kati yao kuna utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo: fomu fupi, orodha ya pamoja ya bidhaa zinazotoka nchi wanachama, na kiwango cha thamani ambacho mzigo hautakiwi kuzidi. Bidhaa iliyomo kwenye orodha haitozwi ushuru wa forodha, ingawa kodi na ada nyingine zinaweza kuwapo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, ndiyo sababu fomu hiyo ukiipeleka Kasumulu haitakusaidia. Sisemi mtu ahame Kariakoo akaanze maisha mapya Chipata. Nasema sehemu ya kumi ya mzigo ipitishwe huko wakati wa amani, ili afisa akujue, dereva akujue, na wewe ujue mizani inasoma vipi, kabla ya siku ambayo watu wote watakimbilia mlango huo.

Kwa sisi tuliorudi nyumbani, jambo lina uchungu wake. Mtu akijiandikisha kurejea kwa hiari, mara nyingi huuza alichonacho kwa bei ya kutupa, madeni anayasamehe kwa kulazimika, na namba za watu anaziacha kambini kama anavyoacha ndoo iliyotoboka. Baada ya miaka miwili anahangaika Bujumbura au Rumonge kutafuta soko la mawese, huku Dzaleka kuna maelfu wanaoyatamani na wanaomjua kwa jina. Yule aliyerudi ndiye muuzaji wa pili ambaye wa kambini anamhitaji, na wa kambini ndiye mnunuzi wa pili wa aliyerudi. Bujumbura kuna meli za mizigo hadi Mpulungu, upande wa Zambia, hivyo hata njia haimlazimu kila mtu kupita sehemu moja. Kabla ya kupanda basi la kurejea, wawili hao waandikiane karatasi mbele ya mashahidi: nani anadai, nani analipa, kwa sarafu gani, na deni litahesabiwaje sarafu ikianguka.

Yapo ambayo mchuuzi hawezi kuyafanya hata awe na madaftari kumi. Hawezi kujua leo kwamba kesho ndizi hazitapita. Zuio la Aprili 2025 lilidumu siku chache, lakini ndizi hazijui kusubiri siku chache. Serikali za Dodoma na Lilongwe zina haki ya kulinda wakulima wao, hakuna anayebisha. Zinachodaiwa ni muda. Zikitaka kuzuia bidhaa, zitangaze siku 30 kabla, na mzigo uliokwisha kulipiwa na kuwa njiani upite kwa hati zake. Tangazo lisiishie kwenye gazeti la serikali ambalo mama wa dagaa hatalisoma kamwe. Libandikwe Kasumulu, Isongole, Mchinji na kwenye soko la Dzaleka, kwa Kiswahili na Kichewa, likiwa na tarehe, orodha ya bidhaa na namba ya simu ambayo mtu anaipokea. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani wa Karonga na Kyela vianze kulidai hilo kwa pamoja, kabla ya mavuno yajayo.