Vipimo visivyo vya lazima vyamkausha mkulima

MKULIMA anapouza gunia la mahindi ili akatibiwe, anatarajia fedha hiyo imrudishie afya. Lakini katika zahanati nyingi, sehemu ya fedha hiyo huishia kwenye kipimo ambacho hakimsaidii daktari kujua ugonjwa.

Mfano ulio wazi ni kipimo cha Widal, kinachotumika kutafuta homa ya matumbo, yaani taifodi. Mgonjwa anafika na homa, kichwa kinauma na mwili umechoka. Anaandikiwa malaria, taifodi na mkojo kwa pamoja. Baada ya muda mfupi anaambiwa ana taifodi na kupewa dawa. Miezi mitatu baadaye anaambiwa hivyo hivyo.

Kipimo hiki kilianza Ufaransa mwaka 1896. Hakitafuti kidudu chenyewe, bali kinga ambayo mwili umeitengeneza kupambana nacho. Kinga hiyo hubaki katika damu muda mrefu baada ya mtu kupona, na magonjwa mengine, malaria ikiwamo, yanaweza kukifanya kionyeshe taifodi isiyokuwapo. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, lakini huchukua siku kadhaa na zahanati nyingi hazina uwezo huo.

Utafiti uliofanywa kwa watoto waliolazwa Muheza, mkoani Tanga, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa kati ya wale ambao Widal ilisema wana taifodi, takriban mmoja tu kati ya wanne ndiye aliyekuwa nayo kweli. Mfanyabiashara gani angeendelea kutumia mizani ya namna hiyo?

Hasara hapa ni tatu. Kwanza ni fedha ya kipimo na ya dawa. Pili, dawa za kuua bakteria zikitumika ovyo huzalisha vidudu sugu, na siku taifodi ya kweli ikija, dawa hazifanyi kazi. Tatu, ugonjwa halisi unabaki mwilini.

Hii ya tatu inawahusu zaidi wafugaji na wakulima. Utafiti wa wagonjwa 870 waliolazwa Moshi kwa homa kati ya mwaka 2007 na 2008 ulikuta kuwa asilimia 60.7 walidhaniwa kuwa na malaria, wakati waliokuwa nayo walikuwa asilimia 1.6 tu. Miongoni mwa magonjwa yaliyogunduliwa ni yale yatokayo kwa mifugo na wanyama wengine, kama brusela, ambayo mtu huipata kwa kunywa maziwa mabichi au kumzalisha ng'ombe bila glovu, na homa ya mgunda, iliyozuka Lindi mwaka 2022.

Kwa hiyo tatizo si wingi wa vipimo peke yake, bali vipimo kuagizwa bila kuchaguliwa. Kipimo cha haraka cha malaria ni cha lazima kwa mwenye homa; tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linataka mgonjwa apimwe kabla ya kupewa dawa.

Lawama zote zisimwangukie daktari. Wapo wagonjwa wanaoona wamepuuzwa wasipopimwa, na zipo zahanati ambazo maabara ndiyo inayolipa kodi ya pango. Pale anayeagiza kipimo ndiye anayekiuza, kishawishi hakikosekani. Bima nayo si dawa ya tatizo hili, kwani ikilipia kila kipimo bila kuuliza, gharama hurudi kwa wanachama kupitia michango.

Wenye mamlaka wahakikishe zahanati zinafuata miongozo ya tiba. Nawe msomaji, ukiandikiwa vipimo, uliza kwa heshima: "Daktari, kipimo hiki unatafuta nini, na majibu yake yatabadili tiba yangu?" Mweleze pia kama unafuga, unakunywa maziwa mabichi au unalima kwenye majaruba. Maelezo hayo hayana malipo, na huenda yakamsaidia kuliko karatasi ya maabara.