Volkano Iliyookolewa kwa Kuzama

Msafiri apitaye bonde la Glen Coe, katika milima ya magharibi ya Scotland, huona majabali meusi yamesimama wima kando ya njia, na kilele cha Bidean nam Bian kimepanda hata futi 3,773. Hapana moshi wala harufu ya kiberiti. Lakini majabali hayo ni mabaki ya volkano iliyowaka yapata miaka milioni 420 iliyopita.

Mkulima wa Nakuru, azoeaye kulitazama shimo kuu la Menengai, hatapata taabu kufahamu yaliyotokea huko. Chini ya ardhi palikuwa na ziwa la mawe yaliyoyeyuka. Mawe hayo yalipofoka kwa nguvu, paa la ziwa lilikosa cha kulishikilia, likakatika kwa mviringo na kutumbukia, mfano wa kifuniko kilicho kidogo kuliko mdomo wa sufuria. Kipande kilichozama kina urefu wa maili 9 na upana wa maili 5, nacho kilishuka zaidi ya futi 1,000. Mawe ya moto yakapanda katika ufa ulioachwa pembeni, yakaganda humo.

Ajabu ni kwamba kuzama huko ndiko kulikoihifadhi volkano. Lava iliyobaki nje, juu ya nchi, ilichukuliwa yote na mvua, mito na barafu. Ile iliyotumbukia ilikingwa na miamba iliyoizunguka, na leo ndiyo milima yenyewe.

Waliolifumbua jambo hili mwaka 1909 ni wataalamu watatu, Clough, Maufe na Bailey. Huyo Maufe alikuwa na habari za Kenya pia: ripoti ya serikali ya mwaka 1908 juu ya mawe ya nchi hii ni kazi yake, ila wakati ule aliitwa Muff. Katika miaka ya 1990 wengine waliipima tena Glen Coe, wakaona kwamba paa halikuanguka mara moja bali vipande vipande, kila mlipuko na anguko lake.

Menengai ni karibu sawa na Glen Coe kwa ukubwa, lakini ziwa lake la moto halijapoa. Visima vya mvuke vilianza kuchimbwa huko mwaka 2011, na baadhi yake, vilipofika kina cha futi zipatazo 7,000, viligusa mawe yaliyoyeyuka. Glen Coe mchimbaji aweza kuyaona kwa macho, yakiwa baridi, mambo ambayo Menengai huyapapasa gizani kwa ncha ya chuma.