POMBE HAINA MIKONO

Leo nataka kuzungumzia jambo ambalo limenikera tangu muhula uliopita.

Mama yangu huuza nyanya na omena karibu na kituo cha matatu. Jioni moja nilikuwa natoka shule, na mbele yangu alikuwa jirani yetu akitoka kwa mama pima, anayumba kama mtumbwi ziwani. Alipofika kwa kibanda chetu alidai nyanya za bure. Mama akakataa. Jamaa alipiga meza teke, nyanya zikamwagika barabarani, magari yakazikanyaga zote. Asubuhi alikuja mpole kama njiwa: "Mama, nisamehe, si mimi, ni pombe." Wazee wa mtaa nao wakasema, ah, huyo alikuwa amelewa, yaishe.

Yaishe vipi? Mimi niliyekaa nyumbani siku nne kwa kukosa karo sikuona kama yameisha.

Nilimwuliza mwalimu wetu wa Historia na Serikali, naye akanionyesha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Kifungu cha 13 kinaanza kwa kusema kwamba ulevi si kinga kwa shtaka lolote, isipokuwa kwa hali chache. Ukileweshwa bila ridhaa yako, kwa hila au uzembe wa mtu mwingine, hata usijue unatenda nini au kwamba ni kosa, utaachiliwa. Hapo naunga mkono mia kwa mia. Abiria aliyepewa biskuti yenye dawa ndani ya basi, kosa lake ni nini? Pia ikiwa ulevi umemtia mtu wazimu, hata wa muda, kesi yake hushughulikiwa kama ya mwenda wazimu.

Kijifungu cha nne ndicho kilichonitaabisha. Mahakama lazima iangalie ulevi inapopima kama mshtakiwa alikuwa na nia. Basi aliyeua akiwa chakari anaweza kuepuka kosa la kuua kwa kukusudia, akahukumiwa kwa kuua bila kukusudia. Katika mdahalo wa chama chetu nilisimama kwa hasira nikasema sheria inawabembeleza walevi. Dada mmoja wa kidato cha nne akanijibu sawasawa: hilo kosa la pili nalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Tena sheria haisemi kila mlevi hana nia. Mtu aweza kulewa na bado akajua anachotaka. Nikaketi.

Lakini njiani nikamkumbuka jirani. Siku ile, kabla ya kufika kwa mama, alipita kambi ya askari. Alipita kimya, hata kofia akavua! Hakumgusa mwenye bucha, ambaye ni pande la mtu. Alimchagua mama. Sasa ni mlevi gani huyo anayejua kuchagua? Nia inayotafutwa mahakamani ndiyo hiyo, na wazee wetu wangeuliza swali hilo moja tu kabla ya kusema yaishe: alijua au hakujua?

Sisemi afungwe. Ana watoto, na mmoja tunasoma naye darasa moja. Nasema alipe madebe mawili ya nyanya na ile omena. Mama ameliandika deni ukutani kwa chaki, na jirani kila akipita hapo huangalia kando, tena akiwa hajaonja hata tone.